Yule fundi wa chini ya mkungu amenidhalilisha ndani ya boti yangu mwenyewe!!!

Binti_wa_Kusi:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka kufunga boti sasa hivi, sijaoga, chumvi imeniganda mpaka kwenye kope. Jina simtaji, mnamjua wote. Yule yule anayeshinda chini ya mkungu pale Msasani, testa kaining'iniza shingoni kama daktari wa zamu.

MBELE YA ABIRIA WANGU kanitamkia: "Dada, boti si jiko la mkaa. Ikikushinda muuzie mwanaume."

Kisa winchi ya nanga, ile mota ya kuipandisha. Wiki iliyopita iligoma: unakanyaga swichi pale omo, mbele ya boti, rilei (swichi ya ndani inayoipa mota umeme) inalia "ta!", mota kimya. Nikamwita, akagusagusa, akapokea hela, akasema imepona. Leo nimepeleka watu kisiwani Mbudya na yeye kaomba aje kuiona kazi yake. Wakati wa kurudi, kusi linavuma, nanga iko chini, nakanyaga: "ta!" Bwana mkubwa hata kifuniko hakufungua. Mota imeungua, anasema, mpya 1,800,000 na yeye ndiye anayejua inakouzwa. Nikamuuliza kwa adabu kabisa, fundi, si ulisema imepona? Ndipo akawageukia abiria akatoa hilo la jiko la mkaa. Mtoto wa mtu kacheka mpaka soda ikamtoka puani!

Baharia wangu, kijana ambaye hajasomea umeme popote, akafungua chumba cha mnyororo. Rilei imefungwa mle mle yanakoingia maji ya chumvi. Nati ya waya mnene imeota kutu ya kijani, ukiigusa inacheza. Akazima breka ya umeme, akasugua kwa msasa mpaka shaba ikang'aa, akakaza, akarudisha breka. Winchi ikanguruma. Nanga ikaja, wakuu, nanga IKAJA! Na yule mtu kaketi tezi, nyuma ya boti, kajifanya anakitazama kisiwa cha Bongoyo.

Jiko la mkaa. Mimi! Boti hii ndiyo inayosomesha wanangu.

Mzee_wa_Ngalawa:
Pole sana mwanangu. Kwangu alisema injini inataka pistoni, kumbe chujio la mafuta limejaa maji. Huyo hatengenezi, anabashiri.

Pweza_Mkavu:
Hahahaaa jiko la mkaa 😂😂 Sasa mlikaa mnazozana nanga iko chini, mikono hamna?

Binti_wa_Kusi:
Mikono tunayo, soma uzi vizuri. Hoja si nanga. Hoja ametamka MBELE YA ABIRIA.

Fundi_Halali:
Tusichafuane mafundi wote. Rilei ikilia na mota kimya, unapima volti palepale kwenye mota huku mwenzako amekanyaga swichi. Betri ikipumzika inakuonyesha 12.6, ukikanyaga unakuta kwenye mota zinafika 8. Hapo usiilaumu mota kwanza, mara nyingi umeme unapotelea njiani: nati legevu, waya mwembamba, au waya wa hasi uliooza. Na betri ikiwa tezi, ukichagua unene wa waya, urefu wake hesabu kwenda na kurudi. Volti zikifika zote na bado haizunguki, ndipo unafungua mota kuangalia kaboni, zile burashi zinazopitisha umeme ndani yake. Halafu injini iwe inawaka, sogeza boti mbele mnyororo ulegee. Winchi ni ya kunyanyua nanga, haikuwekwa ivute boti.

Pweza_Mkavu:
Kumbe dada alikuwa anavuta boti nzima kwa winchi. Fundi aachwe.

Binti_wa_Kusi:
SIJAVUTA BOTI! Injini ilikuwa inawaka na mnyororo umesimama wima. Nimekuja hapa kwa ajili ya mtu aliyesimama mbele ya watu waliolipa nauli akasema boti si

(bonyeza kusoma zaidi)

Mama_Vitenge:
Angenikuta mimi angerudi Msasani anaogelea. Ila shoga, wako angalau kaonekana. Wangu wa friji kachukua kompresa "naenda kuijaza gesi mara moja", simu haipokei, samaki wangu wote wameoza, mtaa mzima unaniuliza kuna nini kwangu.

Mzee_wa_Ngalawa:
Mama, wa friji ana nafuu. Fundi cherehani kamkabidhi mwanangu suti asubuhi ya harusi, mkono mmoja unafika kwenye kiwiko. Kamwambia avae hivyo hivyo, kwenye picha hauonekani!

Fundi_Halali:
Mzee, huyo ni wa Magomeni? Mwenye redio kubwa mlangoni?

Mzee_wa_Ngalawa:
Huyo huyo!

Binti_wa_Kusi:
Jamani, uzi ni wa winchi.

Mama_Vitenge:
Ngoja kwanza shoga. Wa redio kubwa? Ana kitambaa changu tangu Idi!

Fundi_Halali:
Changu tangu Idi ya mwaka juzi. Kesho saa ngapi tumfuate?