Naenda Dubai mwezi ujao, nataka kubeba laptopu za steshenari. Mwongozo wakuu

kijana_wa_msamvu
Habari za jioni wakuu. Nina kasteshenari kangu hapa Moro karibu na chuo, kazi ni kutaipu, kuprinti, fotokopi na kuwajazia watu maombi ya ajira na mikopo mtandaoni. Kompyuta zangu 3 za mezani zimechoka, moja ukiiwasha asubuhi unaenda kunywa chai na chapati mbili unarudi bado kiduara kinazunguka na mteja keshahamia kwa jirani. Sasa mwezi ujao naongozana na shemeji anayefuata nguo Dubai nikaona nisirudi mikono mitupu. Bajeti kama dola 1,500, nataka laptopu 4 za mtumba ila za kueleweka, printa moja ya leza na UPS 2 (zile betri za kushikilia kompyuta umeme ukikatika). Naanzia wapi na nikishuka uwanja wa ndege wa Dar (JNIA) watu wa forodha watanikamua kiasi gani?

mzee_wa_deira
Mkuu laptopu sawa, hivyo vingine ngoja wenzangu wakwambie.

Ukifika shuka metro ya BurJuman, ifuate barabara ya Khalid bin Al Waleed, huko ndio wanaita Computer Street, maduka yamebanana. Za mtumba wengi wanavuka kwenda Sharjah, bei huko inalegea zaidi. Usinunue siku ya kwanza, zunguka tu uulize.

Sasa sikiliza hapa ndipo watu wanapigwa. Watakusukumia laptopu yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel i5 jenereshini, yaani toleo, ya 6 au 7, inang'aa kama imetoka kiwandani, bei ya kutupa. Sababu ni kwamba Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia jenereshini ya 8, kwa hiyo makampuni ya Ulaya na Marekani yanamwaga zile za zamani na sisi ndio jalala. Usiamini stika, stika inabandikwa. Ingia mwenyewe kwenye setingi usome namba ya prosesa, i5-8250U ile 8 ya mwanzo baada ya kistari ndio jenereshini, i5-7200U ni ya 7, rudisha. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8 na SSD (diski ya kutunzia mafaili) GB 256 kwa kazi zako inatosha sana, usidanganywe na i7 ya bei kubwa.

Halafu izime uiwashe tena huku unabonyeza F2 au F10 uingie kwenye BIOS, ile setingi ya ndani kabla Windows haijawaka. Ikidai paswedi iache hapo hapo hata kama muuzaji anaapa. 2022 nilibeba 6, nafika Dar mbili zimefungwa na kampuni iliyokuwa inazimiliki, kumpigia muuzaji simu inaita mpaka inakata. Moja mpaka leo ninaiwekea kikombe cha kahawa.

kijana_wa_msamvu
Duh asante mkuu. Na betri nitajuaje?

mzee_wa_deira
Fungua ile dirisha nyeusi ya komandi andika powercfg /batteryreport, inakutolea faili, linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uliobaki sasa. Ikiwa chini ya nusu mwambie apunguze bei au abadilishe betri. Muuzaji akianza kukuharakisha jua kuna kitu.

dada_toni
Printa usibebe mdogo wangu. Mimi kaka aliniletea ya leza kutoka Marekani, kwa furaha nikaichomeka ukutani, ikalia paa mara moja na harufu ikajaa duka zima, kumbe kule umeme ni volti 120. Chaja za laptopu hazina shida zimeandikwa 100-240V, ila printa nyingi za leza hazina huruma. Dubai umeme ni kama wetu na plagi ni zile zile za pini tatu bapa, kwa hiyo haitaungua, tatizo lako litakuwa katriji, kile kikasha cha toni (wino wa unga). Kuna kampuni zinafunga printa kwa kanda za dunia, ukiweka katriji ya huku inagoma. Nenda kwanza pale mjini uone toni gani zinapatikana na zinajazwa, ndio uchague printa. Mwezi wa tano watu wanaprinti ripoti za utafiti usiku na mchana, utaagiza toni Dubai?

UPS ndio kabisaa, ni betri ya risasi, uzito wa jiwe na watu wa ndege watakusumbua. Chukua Kariakoo.

wakala_bandarini
Kwenye kodi, kompyuta kwa nchi za Afrika Mashariki ushuru wa forodha ni asilimia 0, watu wengi hawajui. Inayokubana ni VAT asilimia 18, inapigwa juu ya bei ukijumlisha usafirishaji na bima. Tuseme 4 kwa dola 250 moja, hiyo ni kama dola 180 na ushee, bado vitozo vidogo vidogo. Beba invoisi yenye jina lako, ukienda bila invoisi thamani watakupangia wao.

Kago za kulipia kwa kilo kutoka Deira, mtaa wa biashara huko Dubai, ni rahisi ila mzigo unachanganywa na wa watu kibao, hupati nyaraka ya forodha yenye jina lako, na mhasibu akitaka kuziingiza kwenye vitabu vya TRA unabaki unakodoa macho. Kwa laptopu 4 panda nazo ndege tu. Na kule ukinunua duka lililosajiliwa ulizia kurudishiwa VAT yao ya asilimia 5 kama mtalii, pasipoti mkononi wakati wa kulipa, na uwanja wa ndege pitia kwenye dawati lao KABLA hujakabidhi begi.

kijana_wa_msamvu
Nimewapata wakubwa. Printa na UPS nimefuta, hela inayobaki naongeza laptopu ya tano. Shemeji kasoma hapa kanyamaza kimya, kumbe yake ya dukani ni jenereshini ya 6 😂

dada_toni
😂😂 Na angalia kibodi, nyingi za huko zina herufi za Kiarabu pembeni. Binti yangu wa kutaipu wiki ya kwanza alikuwa anainama mpaka pua inagusa spesi.