Usaili wa nafasi ya umeneja: tupeane uzoefu, walikuuliza nini?

Mleta mada
Wakuu, leo nimepita Posta mbele ya jengo nililofanyiwa usaili wa umeneja wa tawi, tumbo likanikata kama siku ile. Nilikariri historia ya benki mpaka majina ya bodi. Swali la kwanza: "Tawi lina mikopo chechefu, yaani isiyolipwa ipasavyo, asilimia 9, Benki Kuu inataka isizidi 5. Wiki ya kwanza unafanya nini?" Nikajibu nitaitisha kikao. Mama mmoja akauliza, "Kikao na nani, ajenda ipi?" Nikabaki naangalia chupa ya maji. Mliopita huko leteni yenu.

Binti Makorora
Hicho "kikao" kiliniponza na mimi.

Mzee wa Kirumba
Mada imenigusa. Yangu ilikuwa Mwanza, umeneja wa kanda, kampuni ya usambazaji. Nilifika saa 1:40, usaili saa 3. Akanipokea kaka mmoja mpole, akanipa maji, akanionyesha choo, hata tai akaniwekea sawa. Nikajua ni mtu wa mapokezi.

Ndani watu watano. Mauzo nikajibu, madeni ya mawakala nikajibu, mpango wa siku 90 nikaumwaga. Kisha mkurugenzi: "Nafasi hii ina kaimu, ana miezi 14 anaishikilia, na yeye ameiomba. Ukiipata wewe, utaishi naye vipi?" Nikataka nionekane mtu wa maamuzi. Nikasema akileta ukaidi namhamishia stoo.

Kimya. Ukuta wa chumba kile ni mbao nyembamba. Natoka, yule kaka wa maji yuko kwenye benchi, bahasha mapajani, anasubiri zamu yake. Akanyanyuka, akanipa mkono: "Safari njema, mkuu." Nikiukumbuka ule mkono chakula hakipiti.

Kimara Mwisho
Kazi alipata nani??

Binti Makorora
Mzee usituache hapo.

Mzee wa Kirumba
Yeye.

Kimara Mwisho
Basi uliitwa kusindikiza tu. Kiti kilikuwa na mwenyewe.

Mkaa Jopo
Sikubaliani. Nimekaa kwenye majopo miaka sita, na wa kutoka nje tumewapitisha wengi. Mzee kaangushwa na stoo. Swali lile linapima kama unaweza kumwongoza mtu anayeona umemnyang'anya tonge. Angesema siku ya kwanza namwita, namuuliza anajua nini nisichokijua, tungemwandikia alama.

Kimara Mwisho
Wewe unayekula posho ya jopo utasema nini kingine?

Mkaa Jopo
Jibu hoja, ndugu.

Binti Makorora
Mkimaliza ugomvi nisaidieni. Niliulizwa nina mpango wa kuzaa lini, mbele ya wanaume wanne.

Kimara Mwisho
Dada, sema hauna mpango, uchukue kazi, mengine baadaye.

Mkaa Jopo
Hapana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa ujauzito na wa ndoa, na mwombaji kazi analindwa pia. Mrudishe kwenye kazi kwa upole: "Naomba nieleze ninavyopanga timu mtu akiwa likizo."

Fundi Hesabu
Msisahau mshahara. Ukitaja milioni 4 bila kusema ni baada ya makato, NSSF inachukua 400,000, kodi ya mshahara (PAYE) 908,000, unabaki na 2,692,000. Bodi ya Mikopo bado haijapiga hodi. Taja ya mkononi.

Kimara Mwisho
Usitaje kabisa. Waache wataje wao.

Fundi Hesabu
Nilinyamaza hivyo hivyo, wakanipa chini ya niliyokuwa nalipwa.

Mgeni wa Jumatano
Mimi naenda Jumatano, nimesoma yote. Mzee, yule kaka mlionana tena?

Mzee wa Kirumba
Tulikutana Mwaloni, ananunua dagaa. Nikamwomba radhi. Akasema yalikwisha siku ile ile, akamwambia muuzaji anifungie kilo mbili, akalipa yeye.