Tupeane uzoefu: Uchaguzi Mkuu na uwekezaji wa nyumba za kupangisha Arusha na Moshi

Mleta mada (Sakina, Arusha)

Ndugu wadau, salaam. Kila Uchaguzi Mkuu unapokaribia, wenye nyumba wengi wa Arusha na Moshi huwa na jibu moja kwa fundi, kwa dalali na hata kwa wenzi wao: tusubiri kwanza uchaguzi upite. Ninaomba tupeane uzoefu wa jambo hilo kwa kuzingatia chaguzi tulizozishuhudia wenyewe, hususan za 2015, 2020 na 2025. Siulizi nani alistahili kushinda. Mada hiyo ina mahali pake. Ninachotaka kujua ni kama kura yenyewe ndiyo iliyogusa kodi yako ya pango na ujenzi wako, au kuna jambo jingine lililotokea wakati huohuo tukautupia uchaguzi lawama.

Nianze mimi. Nina fremu nne za maduka kando ya barabara, na juu yake ghorofa moja ambayo haijakamilika. Kwa desturi yetu mpangaji wa fremu hulipa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na fedha hiyo ndiyo mtaji wangu wa ujenzi, kwa kuwa riba ya benki siiwezi. Katikati ya 2025 wapangaji wawili, muuza vipuri vya pikipiki na mwenye saluni, walinijia kwa nyakati tofauti na ombi lilelile: walipe miezi mitatu mitatu hadi mwaka mpya, waone hali itakavyokuwa. Nilikubali, maana fremu tupu hailipi chochote. Kodi haikushuka hata shilingi moja, lakini nondo za lenta ya juu hazikununuliwa, na fundi akapata kazi nyingine Usa River. Anayepima athari ya uchaguzi kwa kuangalia bei ya pango peke yake hataliona jambo hili.

Mdau wa Njiro

Ndugu mleta mada, umegusa penyewe. Mimi ninapangisha nyumba Njiro tangu enzi za Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, ile tuliyoizoea kwa jina la ICTR, ambayo Umoja wa Mataifa uliiunda Novemba 1994 na kuiweka katika majengo ya AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa hapa Arusha. Kwa miaka mingi mahakama hiyo ndiyo iliyopanga bei za nyumba za Njiro, Sekei na Ilboru, kwa sababu mwanasheria au mkalimani aliyetoka ng'ambo alikuja na posho ya nyumba, akataka nyumba yenye uzio, tangi la maji na chumba cha mlinzi, na hakubishana sana. Tulijenga kwa kumfuata yeye. Vyumba vinne, vyoo vitatu, bustani mbele. Nyumba ambazo mwalimu au mfanyabiashara wa kawaida hana haja nazo.

Mahakama ilifungwa rasmi 31 Desemba 2015. Uchaguzi ulikuwa umefanyika 25 Oktoba mwaka huohuo na Rais Magufuli akaapishwa 5 Novemba. Mnaona mambo yalivyopandana. Nyumba zilipoanza kukaa wazi, kila kijiwe kilisema serikali mpya imebana fedha na ndiyo maana hakuna wapangaji, ilhali wapangaji wetu wa ICTR walikuwa wakipungua kadiri kesi zilivyokuwa zikiisha, na tarehe ya kufunga ilijulikana mapema kwa yeyote aliyetaka kuuliza. Chombo kilichobaki kumalizia shughuli zake, ambacho ofisi zake zipo Lakilaki, ni kidogo sana ukilinganisha na mahakama yenyewe.

Hata hivyo sitaki kuonekana ninaitetea serikali kwa kila jambo. Baada ya uchaguzi ule yalikuja maamuzi yaliyotugusa moja kwa moja. Safari na mikutano ya watumishi wa umma ilipunguzwa, na mji unaoishi kwa mikutano ukaisikia hatua hiyo haraka. Kisha kuanzia Julai 2016 huduma za utalii zikatozwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18, na wapo waongoza watalii walioniomba niwapunguzie kodi ya pango kwa sababu hiyo. Hayo ni matokeo ya uchaguzi kwa maana ya sera zilizofuata, na yanaingia kwenye hesabu kwa namna tofauti kabisa na hofu ya wiki ya kupiga kura.

Nyumba yangu kubwa niliigawa ikawa apatimenti mbili zenye chumba na sebule kila moja. Zote zina watu.

Mdau wa Rau, Moshi

Kwa upande wangu nitakuwa mfupi. Nina vyumba vya wanafunzi, na mwanafunzi hajali nani kashinda. Anajali mkopo wake umeingia lini. Novemba 2025 kufunguliwa kwa vyuo kuliahirishwa, kwa hiyo vyumba vilichelewa kujaa, lakini vilijaa. Uchaguzi wa 2020 nao sikuusikia mfukoni hadi 2021, kodi ya majengo ilipoanza kukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, wakati huo shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mita imeandikwa jina langu, umeme ananunua mpangaji, na mpaka leo wapo wanaonidai makato hayo kila mwezi kwa bidii ambayo laiti wangeitumia kulipa pango kwa wakati.

Mama wa Shanty Town, Moshi

Wanangu, ninyi mnazungumzia wapangaji wa mwaka. Mimi nina nyumba mbili ndogo uani ninazokodisha kwa wageni wa siku chache, wengi wao wakitoka au wakienda mlimani, na kwangu mwaka 2025 ni kura yenyewe iliyonigusa. Sikubali kuambiwa kulikuwa na sababu nyingine. Intaneti ilizimwa 29 Oktoba, siku ya kupiga kura, na ikaanza kurejea Novemba ikiwa imeingia. Siku hizo zote sikuweza kuona nani amefuta na nani yuko njiani. Nilibadilisha mashuka, nikanunua maziwa na mayai, nikakaa nikisikiliza geti. Mtandao uliporudi, ujumbe uliingia kwa mkupuo: wengine walikuwa wakiuliza kama kuna usalama, wengine wameshaghairi, na mmoja alikasirika kwamba simjibu. Zile taarifa za watu kuuawa na mali kuchomwa zilikuwa zimewafikia wao kabla yangu mimi niliyepo hapa.

Mpangaji wa mwaka hawezi kuhama kwa siku tano. Mgeni wa siku mbili anaweza kufuta safari akiwa kitandani kwake Ujerumani. Kwa hiyo anayetaka kujenga vyumba vya wageni na ajue kwamba anajenga kitu kinachotegemea amani na mtandao kuliko nyumba nyingine yoyote. Moja kati ya nyumba zangu nimeshampangisha daktari kwa mwaka mzima. Inalipa kidogo, lakini inalipa.

Mdau aliyeko Leicester, mzaliwa wa Marangu

Shikamoo Mama. Nami niongeze la huku, kwa kuwa ninapangisha nyumba moja Uingereza na ninajenga nyingine Moshi. Tarehe 23 Juni 2016 Waingereza walipiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, na siku iliyofuata pauni ilianguka dhidi ya dola hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1985. Mpangaji wangu wa Leicester aliendelea kulipa kama kawaida. Aliyeumia ni fundi wangu wa Moshi, kwa sababu pauni zilezile nilizokuwa nikituma zilinunua mifuko michache ya saruji.

Kuhusu wenye nyumba wa huku, wengi walisema kura hiyo ndiyo iliyowafanya waache kununua. Mimi nina mashaka. Kuanzia 1 Aprili 2016 mtu anayenunua nyumba ya ziada alianza kutozwa asilimia 3 zaidi katika ushuru wa stempu, na watu walikimbilia kununua kabla ya tarehe hiyo. Soko lingepoa tu, kura iwepo isiwepo. Kisha nafuu ya kodi kwenye riba ya mikopo yetu ikaanza kupunguzwa Aprili 2017, jambo lililotangazwa 2015, kabla ya kura. Naona ni hadithi ileile ya Njiro.

Mdau wa Ngaramtoni

Hakuna aliyegusa viwanja. Wakati wa kampeni madalali huuza maeneo ya kando ya barabara kuu kwa bei ya kutupa, wakiapa kwamba mwaka wa uchaguzi hakuna anayebomolewa. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na haisomi kalenda ya kampeni. Jirani yangu alinunua hivyo, akapandisha msingi na kuta. Alama ya X nyekundu, ile ya kubomolewa, ilipakwa kura zilipokwisha kuhesabiwa. Vilevile, anayetafuta kibali cha ujenzi asipeleke ombi mwezi wa kura, kwa kuwa watumishi wa halmashauri huitwa kusaidia kazi za uchaguzi na meza ya vibali hubaki na watu wachache.

Mleta mada

Ninawashukuru. Mdau wa Njiro, nina swali moja. Kanuni za Machi 2025 zilipiga marufuku kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni hapa nchini, na nyumba zenu zilizoea dola. Mkataba wako mpya unasemaje, na je, umeweka kipengele chochote kuhusu uchaguzi?

Mdau wa Njiro

Kodi imeandikwa kwa shilingi, inalipwa kila miezi sita na kupitiwa upya kila mwaka. Mpangaji wa kampuni anakata kodi ya zuio asilimia 10 na kunipa risiti. Nimeongeza kwamba mwajiri wa mpangaji akihamisha au kufunga ofisi, mpangaji anaruhusiwa kuondoka kwa notisi ya miezi mitatu na kurudishiwa salio lake. Hilo nilijifunza kwa ICTR. Kuhusu uchaguzi, nilimwomba wakili aandike kipengele. Aliniuliza ni tukio gani hasa la uchaguzi litakalompa mpangaji haki ya kuvunja mkataba, na kwa kuwa sikuweza kulitaja, hakuandika chochote.