Je, mtu huupenda mji wa baridi na giza wenyewe, au huupenda utoto alioupitishia humo?

Swali

Ndugu zangu, nawasalimu. Nililetwa Tromsø, kaskazini mwa Norwei, nikiwa na umri wa miaka 4, wazazi wangu wakitokea kambini Kigoma, na huko ndiko nilikojifunzia kusoma, kuogelea na kugombana. Tangu Agosti niko Oslo kwa masomo. Juzi nilimwambia mama mdogo kwenye simu kwamba nimeukumbuka mji wetu, hasa majira haya ya giza, naye akacheka mpaka akakohoa, kisha akaniuliza kama nimewahi kusikia mtu aliyelikumbuka jokofu. Nilicheka pamoja naye, lakini tulipokata simu nilibaki nikiwaza, kwa sababu sikuwa na jibu.

Kwa wasioufahamu, mji huo uko kiasi cha kilomita 350 kaskazini ya Duara la Aktiki, na kitovu chake kiko kisiwani, kikiunganishwa na bara kwa daraja la mita 1,036 lililofunguliwa mwaka 1960. Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa, na hata linapokuwa tayari limerudi juu ya upeo wa macho, milima ya kusini hulizuia hadi karibu tarehe 21 Januari. Siku hiyo tunaiita siku ya jua. Watu huoka au hununua maandazi ya mviringo yenye jemu ndani, yaitwayo solboller, na watoto wa shule hutolewa nje walitazame jua likichungulia kwa dakika chache kabla halijazama tena. Nikiwa darasa la pili nilisimama uwanjani, jemu ikiwa imenimwagikia kwenye glavu, nikaona kitu kirefu cha buluu kimelala juu ya theluji kikianzia miguuni mwangu, na nikashtuka kabla sijatambua kwamba ni kivuli changu. Vivuli vya taa za barabarani nilikuwa navyo kila siku, vitatu vinne kwa pamoja, lakini hicho kimoja cha jua nilikuwa nimekisahau.

Kinachonisumbua ni hiki. Hapa Oslo jua lipo hata mwezi wa Desemba, kwa muda wa saa zisizopungua tano kwa siku, na kila mtu ananipongeza kwa kupata nafuu, nami nalipita jua hilo bila kuinua macho. Je, ninaupenda mji wenyewe pamoja na baridi yake, au ninaupenda utoto wangu, na baridi ilikuwapo tu kama ukuta wa nyumba unavyokuwapo?

Jibu la kwanza

Mwanangu, mimi nilifika mji huohuo nikiwa na miaka 39, kwa hiyo utoto hauwezi kuwa sababu kwangu, na bado naupenda. Kwanza mweleze mama yako mdogo kwamba Tromsø si jokofu hata kidogo. Maji ya vuguvugu yanayosukumwa na mkondo wa Atlantiki hupita kando ya pwani ile, ndiyo maana bandari haigandi, na wastani wa Januari huwa nyuzi 3 au 4 tu chini ya sifuri. Watu wa bara la ndani, kama wale wa Kiruna huko Uswidi, wakitusikia tukilalamika hutucheka. Shida yetu ni theluji isiyokwisha, na mvua inayonyesha juu ya theluji hiyo kisha ikaganda usiku. Barafu ya namna hiyo ilinivunja kifundo cha mkono katika mwaka wangu wa pili, hatua kumi kutoka mlangoni, kwa sababu niliona haya kuvaa vile vyuma vyenye meno vinavyofungwa chini ya viatu, nikidhani ni vitu vya wazee. Sasa ni mzee, na navivaa bila haya.

Mapenzi yangu kwa mji ule yalianzia kwenye koleo. Jirani yangu, mvuvi mstaafu, hakuwa amenisemesha kwa muda wa miezi mitatu mizima, na mimi nilikwisha kuamua kwamba hanipendi. Asubuhi moja akanikuta nikizoa theluji na kuirundika kando ya ngazi. Akaja, akanipokonya koleo bila salamu, akanionyesha kwamba shehena za mwanzo hutupwa mbali kabisa, karibu na uzio, kwa maana nafasi ya karibu utaihitaji mwezi Machi, wakati ambapo rundo limekuwa refu kuliko mkono wako. Kisha, akiwa ameegemea mpini, akanisimulia tarehe 29 Aprili 1997, siku ambayo kina cha theluji mjini kilipimwa kikawa sentimita 240, na jinsi alivyolitafuta gari lake kwa kuchoma fito ndefu ardhini mpaka moja ikagonga bati. Hotuba ile ilikuwa ndefu kuliko yote niliyowahi kusikia kutoka kwake kabla au baada ya hapo. Jina lake nililijua baadaye, lakini tangu siku ile, theluji ikianguka usiku, aliyewahi kuamka alizoa mbele ya milango yote miwili. Nilikotoka, jirani nilimfahamu kwa mazungumzo ya barazani. Huyu nilimfahamu kwa alama za koleo lake.

Jibu la pili

Naomba kutofautiana na mzee, kwa heshima zote. Niko mjini humo kwa mwaka wa pili sasa, na naona kwamba giza husifiwa zaidi na wale ambao wana mtu wa kurudi kwake nyumbani. Mwezi wa Desemba uliopita nilikuwa nalala saa kumi na mbili jioni na kuamka saa nane usiku, mwili ukiwa umekataa katakata kuamini saa ya ukutani. Nilipewa ushauri wa kumeza vitamini D na kukaa mbele ya taa kali kila asubuhi. Taa ilinisaidia kiasi. Mwito wa kutoka nje hata kama hali ya hewa ni mbaya, ambao kila mwenyeji huurudia kama dua, haukunisaidia kitu, kwa sababu nilikuwa natoka peke yangu na kurudi peke yangu.

Nakiri kwamba upo muda wa saa moja hivi, karibu na saa sita mchana, ambapo anga upande wa kusini huwa na utepe wa waridi na kila kitu kingine, pamoja na theluji na nyuso za watu, huwa cha buluu. Huo siwezi kuukana. Lakini dada yetu ameuliza swali la kweli, nami namjibu kwamba ni utoto. Mbona hakutaja hata neno moja kuhusu majira ya jua, ambapo kuanzia karibu tarehe 20 Mei hadi karibu tarehe 22 Julai jua halizami, na watu hukata nyasi usiku wa manane? Angekuwa anaupenda mji, angeupenda mwaka mzima.

Jibu la tatu

Mimi nimekulia Kiruna, kaskazini mwa Uswidi, na nadhani swali hili sisi tumelazimishwa kulijibu kwa vitendo. Mgodi wa chuma ulioko chini na pembeni ya mji umekuwa ukiipasua ardhi, kwa hiyo mji unahamishwa kipande kwa kipande kuelekea mashariki. Tarehe 19 na 20 Agosti 2025 nilisimama kando ya barabara pamoja na umati mkubwa tukilitazama kanisa letu la mbao, lililojengwa mwaka 1912, likipita mbele yetu likiwa zima, tani 672 juu ya magari ya kubebea mizigo, safari ya kilomita 5 kwa siku mbili. Lilikuwa likienda polepole kiasi kwamba mtoto aliyekuwa mbele yangu alichoka kulipungia mkono.

Kanisa lilibahatika. Nyumba tuliyokaa sisi haikubebwa, ilibomolewa, na majirani wetu wametawanyika. Kama mapenzi ya mji ni utoto na majirani tu, mimi nisingekuwa na kitu cha kurudia. Lakini nilirudi Januari, nikashuka mtaa mpya ambao sikuujua kona hata moja, ilikuwa nyuzi 25 chini ya sifuri, na theluji ikalia chini ya viatu vyangu. Wenye kuijua wanaelewa: theluji ya baridi ndogo hunyamaza, ile ya nyuzi 10 chini ya sifuri na kushuka hulia kama kiti cha mbao kikongwe. Vinyweleo vya puani vikakakamaa kwa pumzi ya kwanza, na moshi wa mabomba ulikuwa umesimama wima juu ya paa nisizozitambua. Mwili wangu uliujua mji kabla ya macho. Kwa hiyo, dada, ule ukuta uliousema ndio uliobaki kwangu, na nyumba ndiyo iliyoondoka.

Aliyeuliza

Mzee wangu, shikamoo, na ahsante kwa habari za koleo, ambazo nimemsomea baba naye akasema fundisho hilohilo alipewa na mtu mwingine kabisa, kwa ukali uleule. Dada wa jibu la pili, ni kweli nililisahau jua la usiku wa manane, na nadhani nililisahau kwa sababu hakuna anayenitaka nijieleze kwa kulipenda. Ukiwa bado uko mjini Januari, nyumbani kwetu karibu, mama hupikia watu wengi kuliko viti.

Nimekata tiketi ya tarehe 19 Januari. Mdogo wangu ananionya kwamba mwaka niliomaliza shule mawingu yalifunika siku nzima ya tarehe 21 na hakuna aliyeliona jua mpaka siku ya nne yake. Nakumbuka. Maandazi yalikuwa yamekwisha kabla ya saa nne asubuhi.