Naomba ushauri: / imejaa na /home iko na nafasi tele

Habarini wanagrupu, niko na saiba ndogo hapa Kondele, Kisumu na mashine ya kaunta inatumia Ubuntu (aina ya Linux, si Windows). Fundi aliyeiweka aligawa diski mara mbili, GB 20 za / (mfumo wenyewe na programu) na GB 200 za /home (mafaili ya watumiaji), sasa tangu Jumatatu inasema nafasi imeisha, apdeti zinakataa, na nikicheki na df -h (amri ya kuonyesha nafasi ya diski) naona / iko 100% na /home haijafika hata robo. Nilizoea Windows unaona C na D kila moja kando, huku kila kitu kinaning'inia chini ya / moja, ilinichukua muda kujua ni sehemu mbili tofauti.

Nimefanya sudo apt clean (inafuta mafaili ya programu yaliyodaunilodiwa) nikapata kama GB 2 lakini leo asubuhi imejaa tena, du (amri ya kupima ukubwa wa folda) inaonyesha /var/log, folda ya rekodi za mfumo, peke yake imekula GB 9. /etc na /usr (folda za mipangilio na programu) sijagusa, naogopa, kazi za wateja ziko kwa hii mashine.

Sasa kwa /var/log nifute zipi bila mashine kugoma kuwaka? Na naweza hamisha /var yote iende kwa ile nafasi ya /home ama ni hatari? Mwenye ameshafanya hii anielekeze tafadhali.