Naomba ushauri: waya na konekta za servo kwenye bredibodi

Wakuu, habari za kazi. Natengeneza mkono wa roboti wenye servo nne (mota zinazogeuka hadi pembe unayoiamuru) za MG996R, unaongozwa na Arduino Uno, bodi ndogo ya kompyuta. Kwenye bredibodi (ubao wa matundu wa kuunganishia saketi bila kulehemu) natumia nyaya za ndani ya kebo ya mtandao ya Cat5e, zile za shaba ngumu, geji 24 (namba ya geji ikipungua, waya ni mnene zaidi), unene wa milimita 0.5 hivi. Kwa signali zinatosha kabisa, tena ni rahisi.

Shida ni umeme wa mota. Servo moja ikikwama huvuta hadi ampea 2.5 kwenye volti 6, wakati vibanio vya bredibodi havifai kubebeshwa zaidi ya ampea 1 hivi. Zikisogea zote pamoja volti inashuka, Arduino inajizima na kuwaka upya.

Nataka umeme wa mota upite nje ya bredibodi, kwa waya wa nyuzi nyingi wa geji 18, graundi (nyaya za hasi) zote ziungane. Ila konekta ndiyo inanitatiza: terminali za skrubu zenye nafasi ya milimita 5.08 kati ya pini, au JST XH (konekta ndogo za plastiki za kuchomeka) kwa kila servo? XH inabeba ampea 3 na haipokei waya mnene kuliko geji 22. Mkono huu ni wa kufundishia, wanafunzi watauchomeka na kuuchomoa kila siku, kwa hiyo nahofia skrubu kulegea. Aliyetumia zote mbili anisaidie. Na koleo la kubania pini za JST, Kariakoo linapatikana?