Tupeane uzoefu: dereva wa transit (mizigo ya nje ya nchi) na dereva wa mjini, nani analipwa kweli? Na ukongwe unahesabiwa wapi?

Fuso_la_Mbagala
Wakuu heshima zenu. Kampuni yetu ina semi za Kongo na ina Fuso za kusambaza soda na maji hapa mjini. Mimi niko kwenye Fuso: Mbagala, Kongowe, Vikindu hadi Mkuranga. Leseni daraja E ninayo muda mrefu tu. Kuna kijana nilimpokea mwenyewe getini, nikamfundisha hadi kupanga kreti zisidondoke kwenye matuta ya Rangi Tatu. Sasa hivi yuko kwenye semi. Mshahara wetu kwenye karatasi unalingana, ila posho yake ya safari moja inapita mshahara wangu wa mwezi. Juzi nimemuuliza meneja, jibu lake: "Wewe unalala kwako." Nikaondoka maana nilikuwa na kreti za kurudisha.

Waliopita pande zote mbili, tupeane uzoefu. Hivi ndivyo ilivyo kila mahali?

Chini_ya_Kitonga
Meneja kakupa jibu sahihi. Kulala kwako ni mshahara.

Mtaa_wa_Pili
Uzi wa maana huu. Navuta kiti.

Salfa_na_Shaba
Mkuu mleta uzi, umenikumbusha mbali. Mimi nimeanzia kwenye Kenta ya simenti, Wazo kwenda Chanika na Kibaha, nikaja transit. Ngoja nikuambie kitu ambacho huyo kijana wako hatakuambia: ile posho si yake.

Ukipewa hela ya safari Dar, imehesabiwa chakula, maegesho, pancha, mlinzi wa usiku, hela ya "karibu" ya kila mwenye kofia njiani. Dar hadi Tunduma, mpakani, ni zaidi ya kilomita 900, na hapo hujaiona Zambia. Ukiwa na roho ngumu unakula ugali na dagaa zako ulizobeba kwenye kabati la trela, unapika chini ya tela foleni ikiwa imesimama, unarudi na salio. Salio hilo ndilo watu wanaita mshahara wa transit. Foleni ikilala Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, wiki, salio linaliwa palepale. Na tajiri haongezi, anakwambia "posho ni ya safari, si ya siku".

Mei 2020 Zambia ilipofunga Nakonde kwa ajili ya korona nilikuwa upande wa Tunduma na mzigo. Magari yamepangana hadi huoni mwisho, maji ya kuoga tunanunua kwa dumu. Nikapiga simu nyumbani naambiwa dereva wa Kenta aliyechukua gari langu la zamani kapita mtaani na pilau la Idi. Siku ile ningekuwa na njia ya kubadilishana naye ningebadilishana.

Chini_ya_Kitonga
Kwa hiyo unakubaliana na mimi.

Salfa_na_Shaba
Nakubaliana na wewe nusu. Nilijenga kwa hela ya transit. Kwa Kenta ningejenga msingi tu, tena wa matofali ya kuchoma.

Mke_wa_Dereva
Naomba na mimi niseme japo sishiki usukani. Mume wangu alikuwa transit, sasa yuko mjini. Alipokuwa transit hela ilikuwa inaingia kwenye simu kwa vipande: elfu thelathini kutoka Makambako, hamsini kutoka Tunduma, halafu kimya hadi arudi. Nina daftari, nilikuwa naandika. Mwisho wa mwaka nikijumlisha na sasa hivi anapoleta mshahara mdogo lakini mzima tarehe ileile, tofauti si kubwa kama wanavyotamba vijiweni. Ada ya shule inapenda hela yenye tarehe.

Jiko_la_Tunduma
Shemeji, zile elfu hamsini za Tunduma ulikuwa unapewa wewe. Uliza za wengine 😂

Mke_wa_Dereva
Najua. Ndiyo maana nimesema yuko mjini.

Mtaa_wa_Pili
🙌🙌 Shemeji kafunga mjadala.

Bakhresa_wa_Ndoto
Nyie wa mjini mnalia nini, mnapiga tripu tatu kwa siku na hela ya tripu juu. Halafu saa kumi na mbili uko kwenye draft.

Fuso_la_Mbagala
Mkuu tripu tatu ziko wapi? Foleni ya Mbagala unaijua? Mimi ni dereva, ni mshushaji, ni mkusanya madeni. Kreti ikipungua nakatwa mimi. Duka likisema "njoo kesho uchukue hela", kesho hiyo ni ya kwangu. Wa transit akifika, forklift inashusha, yeye kalala kwenye kebini.

Turubai_Jeusi
Nilitaka kupita kimya lakini uzi umenigusa pabaya. Nitaeleza yangu, wenye haraka ruka.

Nilikuwa transit kampuni moja (sitaitaja), mkongwe pale, natoa salfa Dar nashusha Kolwezi kule Kongo, narudi na shaba. Zile sahani za shaba zimefungwa kwa mikanda ya chuma, juu turubai, seal. Kila dereva anajua ukibeba ule mzigo unabeba macho ya watu wengi.

Tulikuwa tumevuka Kasumbalesa vizuri, tumerudi kuendesha mkono wa kushoto upande wa Zambia, Chingola nimepita, Kitwe nimepita, Kapiri nimelala. Kesho yake nimepita Serenje giza linaingia, msafara wetu wenzangu wakawa mbele kidogo, tairi la tela likapasuka. Utingo kashuka na jeki, mimi nashika tochi. Ikaja gari ndogo, nikajua ni watu wa kusaidia maana wamesalimia vizuri tu. Salamu haikuisha. Tukafungwa mikono kwa ileile kamba ya turubai letu, tukatupwa porini. Wametumia jeki yetu kumalizia tairi, wamewasha gari wameondoka. Kilichoniuma kipuuzi ni kwamba chai yangu ilikuwa kwenye chupa, nilikuwa sijaigusa.

Tulijifungua usiku sana, tukatembea hadi kwenye nyumba za watu, tukapelekwa polisi. Polisi wakaniweka ndani mimi na utingo, kwamba tuisaidie upelelezi. Gari lilipatikana limetelekezwa, tela tupu. Mtu wa kampuni akaja. Swali lake la kwanza: "Kichwa kina tatizo lolote?" Akapiga picha kichwa cha gari, akapiga picha tela, akaondoka. Mimi hakunipiga hata picha.

Nimekaa kule hadi wakaona hawana cha kunifungulia, wakaniachia. Nimerudi Dar kwa basi, kwa hela aliyonitumia shemeji yangu. Ofisini wananiambia nusu ya posho iliyobaki hailipwi kwa sababu "safari haikukamilika", na siku nilizokuwa ndani "hukuwa kazini". Yaani nilikuwa likizo! Mshahara wa msingi wenyewe ni laki tatu na ushee, wameukata.

Halafu wakanishusha. Nikawekwa kuhamisha makontena bandari kwenda bandari kavu, kazi ya ndani, bila posho. Semi mpya iliyokuwa imeletwa kwa jina langu kapewa nani? Yule utingo wangu, tuliyefungwa naye kamba moja. Alikuwa na leseni tayari. Asubuhi anapita getini ananipigia honi, "shikamoo mwalimu". Sina kinyongo naye. Lakini uliza ukongwe unahesabiwa wapi.

Mtaa_wa_Pili
Pole sana mkuu. Nimesoma mara mbili.

Salfa_na_Shaba
Serenje hadi Mpika usiku usisimame hata tairi liwake moto. Tembea na rimu.

Kamishna_wa_Kijiwe
Nauliza kwa nia njema: msafara ulikuwa mbele, tairi likapasuka hapohapo, wakatokea hapohapo, na utingo akapewa gari. Hii haina harufu?

Turubai_Jeusi
Harufu gani, fafanua.

Kamishna_wa_Kijiwe
Shaba haipotei dereva hajui. Wote tunajua dili za barabarani.

Turubai_Jeusi
Polisi wa Zambia wamenihoji na makofi juu, wameniachia. Wewe uko kwenye kochi na bando la jero unanifungulia mashtaka.

Jiko_la_Tunduma
Kamishna tulia. Hapa kwangu wanakula madereva kila siku, hadithi kama hii si ya kwanza kusikia. Wenye dili hawarudi na basi, wanarudi na Noah.

Chini_ya_Kitonga
😂😂😂 Wanarudi na Noah.

Bakhresa_wa_Ndoto
Mimi nataka kujua utingo alipataje gari. Turubai, hujamuuliza?

Turubai_Jeusi
Nimemuuliza. Kasema yeye alikubali kusaini karatasi walizompa, mimi nilikataa. Karatasi ilikuwa inasema tulisimama sehemu isiyoruhusiwa kwa uzembe wa dereva. Mnaendelea kutaka harufu?

Sheria_Mkononi
Nirudishe mjadala kwenye swali la mleta uzi, maana Turubai kagusa kitu kikubwa: mshahara wa msingi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu haki nyingi kwa mshahara wa msingi, siyo posho. Kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Chukua mfano mshahara wa msingi ni 390,000. Gawa kwa siku 26, ni 15,000 kwa siku. Mara 7 ni 105,000 kwa mwaka. Miaka 10, 1,050,000. Huo ndio ukongwe wa dereva wa transit ambaye mkononi alikuwa anashika mamilioni. Na wa mjini mwenye mshahara huohuo wa msingi anapata hiyohiyo. Kwa hiyo tajiri akikulipa mshahara mdogo na posho nene, si kwamba anakupenda.

Saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Usiku kuna nyongeza ya asilimia 5. Zote hizo msingi wake ni uleule. Fuso, wewe unayetoka alfajiri na kurudi saa mbili usiku, una madai mazito kuliko huyo kijana, ila lazima uwe unaandika saa zako.

Turubai, ungekuwa umeachishwa ungekuwa na siku 30 za kwenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Kwa madai mengine kama hiyo posho na makato, siku 60.

Chini_ya_Kitonga
Yaani miaka 15 analipwa sawa na 10?

Sheria_Mkononi
Kwa kima cha sheria, ndiyo. Mkataba unaweza kutoa zaidi. Una mkataba?

Chini_ya_Kitonga
Mkataba upo kwa tajiri.

Salfa_na_Shaba
Mgomo wa 2015 tulidai nini? Mikataba. Mabasi yalisimama nchi nzima Aprili ile. Sasa mikataba tunayo ya mwaka mmojammoja, kila Januari unasaini upya. Kwenye karatasi mimi ni mgeni kila mwaka.

Mwana_wa_Changamwe
Huku kwetu Mombasa ni yayo kwa yayo. Nilikuwa naenda Malaba na Kampala. Treni ya SGR ilipoanza kubeba makontena 2018 safari zikapungua, wengi wetu tukarudishwa kuzungusha makontena kati ya bandari na yadi za Changamwe na Miritini. Mzee wa miaka mingi na kijana wa jana mwalipwa kwa tripu, sawasawa. Wallahi hapo ndipo nilijua ukongwe wa dereva ni miguu ya gari aliyopewa. Akinyang'anywa gari, yeye ni mgeni.

Mbeba_Maboksi
Niko Texas, naendesha. Huku ni kinyume kabisa. Mgeni ndiye anasukumwa safari ndefu, anakaa wiki barabarani, analipwa kwa maili, gari likisimama na malipo mara nyingi yamesimama. Kazi ya mjini ya kulipwa kwa saa na kulala nyumbani ndiyo watu wanaigombania. Kampuni zenye chama cha wafanyakazi kuna orodha ya ukongwe, njia zinatangazwa, wa zamani anachagua kwanza. Mgeni anachukua makombo, mara nyingi usiku. Na sheria ni kuendesha jumla ya saa 11 tu, kisha mapumziko ya saa 10, kifaa ndani ya gari kinarekodi, huwezi kukidanganya.

Kamishna_wa_Kijiwe
Marekani tena. Kila uzi lazima mtu wa Marekani.

Mbeba_Maboksi
Uzi unasema tupeane uzoefu. Wewe umeleta uzoefu gani zaidi ya harufu?

Bakhresa_wa_Ndoto
Ushauri wangu kwa mleta uzi: nenda transit miaka miwili mitatu, nunua kirikuu yako, achana na hizi habari.

Mke_wa_Dereva
Usiende.

Salfa_na_Shaba
Nenda, ila dai mshahara wa msingi upandishwe kabla hujagusa funguo. Ukishawasha gari hakuna anayekusikiliza.

Jiko_la_Tunduma
Nenda, ukifika Tunduma ulizia jiko la wali maharage karibu na maegesho. Dereva wa mara ya kwanza namwongeza nyama.

Chini_ya_Kitonga
Tanka za mafuta ndiko kuna hela. Wote mmesahau tanka.

Sheria_Mkononi
Ukiwa na tanka omba pia NSSF yako (mfuko wa hifadhi ya jamii) ikaguliwe, makato na michango inafika kweli au inaishia kwenye karatasi. Angalia mwenyewe, usimuulize mhasibu.

Mtaa_wa_Pili
Turubai, swali moja la mwisho: shaba ilipatikana?

Turubai_Jeusi
Sijui, na nimeacha kuuliza. Bima ililipa, tajiri kaleta semi nyingine. Kesho niko zamu ya asubuhi, bandari kwenda Kwala, nalala.

Kamishna_wa_Kijiwe
Bima ililipa? Sasa hapo harufu si ya dereva.